Safari zetu na jamaa zisiwe za misiba tu

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyeitandaza ardhi na kuidhalilisha bahari ili waja wake wanufaike nayo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, juma hili tumeona tuzungumzie jambo ambalo huenda baadhi yenu mtaliona dogo kwa ukurasa kama huu, nalo ni matembezi. Tumesukumwa kulizungumzia kwa sababu tuliwahi kuulizwa swali nyumbani kwetu kuhusu jambo hilo, na sisi ambao kazi yetu ni kujibu maswali ya watu, jibu tukalikosa.

Ilikuwa mwanzoni mwa Septemba mwaka 2023. Rafiki yetu mmoja, ambaye tulikaa naye jamvi moja chuoni tukiwa watoto na kupigwa fimbo moja kwa kosa la mwingine, alitutaka tufuatane naye kwenda Pangani kwa siku mbili tatu. Yeye ni mwalimu wa sekondari. Miezi sita kabla ya hapo alikuwa amefiwa na mkewe, na tangu siku hiyo alikuwa ni mtu wa maneno machache. Hatukumwuliza anakwenda kufanya nini. Mtu wa namna hiyo akikuambia twende, huna budi kwenda.

Tulitoka Dar es Salaam siku ya Ijumaa, baada ya swala, kwa kuwa kwa madhehebu yetu aliyewajibikiwa na Ijumaa hapaswi kuipa mgongo baada ya kuchomoza alfajiri. Tulipita njia ya Bagamoyo na Msata, ambayo kwa kuwa ina lami imewapunguzia watu wa Tanga mzunguko wa Chalinze. Gari lilikuwa lake, dogo, na umri wake ni siri baina yake na fundi. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, kuwa watu watatu wakisafiri wamteue mmoja wao awe kiongozi. Sisi tulikuwa wawili tu, na kwa hiyo hakuna aliyekubali kuongozwa. Mmoja alitaka dirisha lifunguliwe na mwingine lifungwe, mpaka tulipofika karibu na Mkata pancha ikaamua ugomvi. Tairi la akiba nalo lilikuwa halina upepo. Kijana wa bodaboda alilichukua akaenda kulijaza, nasi tukabaki kando ya barabara, tukatandika msala tukaswali Alasiri.

Hapo palizuka mjadala ambao tunaona una faida kwa wasomaji. Mwenzetu alitaka kuswali rakaa nne. Akasema, "Sheikh, sisi hatuendi kuhiji wala kutafuta riziki. Tunakwenda kutembea ufukweni. Vipi tujipunguzie swala?" Watu wengi hufikiri hivyo. Ruhusa ya kupunguza swala, iliyotajwa katika Surat An-Nisaa aya ya 101, imefungamanishwa na kusafiri katika ardhi, na wanachuoni wa Kishafi wameweka masharti yake: masafa yawe ya marhala mbili, ambayo kwa vipimo vya leo ni kilomita themanini na kitu, msafiri awe na mahali maalumu anapokwenda, na safari yenyewe isiwe ya maasi. Anayezurura bila kujua aendako hapunguzi. Anayekwenda kuiba au kulewa hapunguzi. Ama anayekwenda mahali panapojulikana ili apumzishe nafsi yake kwa halali, huyo ni msafiri kama wasafiri wengine. Akakubali, tukaswali mbili. Magharibi tuliinuia kuichelewesha, tukaikusanya na Isha tulipofika Tanga usiku.

Tumelieleza hilo kwa urefu kwa sababu ndani yake mna fikra ambayo imetuharibia mengi. Ni fikra kwamba mapumziko yako nje ya dini, kwamba mtu akienda kutazama bahari anakuwa amejitoa kidogo katika Uislamu na atarudi Jumatatu. Handhala, sahaba na mwandishi wa Mtume (S.A.W.), alijiona mnafiki kwa sababu akiwa mbele ya Mtume moyo wake ulijaa Akhera, na akirudi nyumbani alicheza na mkewe na watoto na kushughulika na mali yake. Katika hadithi hiyo iliyomo katika Sahihi Muslim, Mtume hakumwambia aache kucheza na watoto wake. Alimfahamisha kuwa kuna saa ya hili na saa ya lile.

Jumamosi asubuhi tulishika barabara ya kusini kuelekea Pangani. Kabla ya kufika mbali tulisimama Tongoni, kilomita kama 17 kutoka Tanga, palipo magofu ya msikiti wa kale na makaburi kadiri ya arubaini, baadhi yake yakiwa na nguzo. Watu waliojenga hapo walikuwa Waislamu wa mwambao huu kabla ya Vasco da Gama, ambaye mwaka 1499, katika safari yake ya kurudi kutoka India, aliichoma merikebu yake moja katika maji ya jirani na hapo kwa kukosa mabaharia wa kutosha. Tulikuta kundi la wanafunzi na walimu wao, na wageni wawili kutoka Ulaya wakipiga picha kibla. Hatukuona hata familia moja ya Kiislamu iliyokuja kuwaonesha watoto mahali walipoinamisha vipaji vya nyuso wazee wao. Hilo halikuwa kosa la mlinzi wa mahali hapo, maana aliwasihi wapita njia waingie.

Njia ya Pangani imezungukwa na minazi na mkonge. Mkonge huo tunaudhania kuwa ni mmea wetu wa asili. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani aitwaye Richard Hindorf, aliyeagiza miche kutoka Florida. Iliyosalimika safarini ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, huko huko Pangani. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 1888, katika mji huo huo ndipo ulipowaka upinzani dhidi ya kampuni ya Wajerumani, na mwishoni mwa mwaka 1889 ndipo aliponyongwa Abushiri bin Salim. Habari za vita hivyo zilitungiwa utenzi na Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, na watoto wetu huusoma darasani kama vile vita vyenyewe vilipiganwa China. Saa sita za barabara zingetosha kuwaonesha mto ulivyo na mji ulivyo.

Mwenzetu hakuwa na haja ya hayo yote. Alituongoza hadi makaburini. Mkewe alikuwa mzaliwa wa Pangani na alizikwa kwao. Tulitoa salamu kwa watu wa makaburi, tukamwombea, na yeye akaketi chini ya mti. Kisha akasema maneno ambayo tumeomba idhini yake kabla ya kuyaandika. Alisema mkewe aliishi naye miaka 27, na katika miaka yote hiyo alimwomba jambo moja kila likizo ikifika: ampeleke Pangani akae siku chache, amwoneshe ufukwe wa Ushongo alipocheza utotoni. Naye kila mara alijibu kuwa shule zikifunga, au nyumba ikiisha kupauliwa, au mtoto wa pili akimaliza mtihani. "Tumekuja hapa pamoja mara nne," alisema. "Ya kwanza alipofariki baba yake. Ya pili kaka yake. Ya tatu shangazi. Na kila mara tulikuja usiku kwa Coaster, tukazika, tukarudi siku ya pili. Mara ya nne ilikuwa ni yake yeye."

Hatukuwa na la kumjibu. Tumesoma madrasa, tukasoma chuo kikuu, na tumetoa mawaidha mengi ya taazia, lakini mahali pale lililotupasa lilikuwa ni kunyamaza.

Tafakarini, ndugu wasomaji, na kila mmoja ahesabu safari zake. Ni lini mara ya mwisho ulipanda gari moja na mkeo na watoto wako mkatoka nje ya mji? Wengi wetu jibu ni moja: msiba. Ukitokea msiba Coaster hukodiwa kwa saa mbili, michango hupatikana usiku huo huo, ruhusa kazini huombwa na kutolewa, na hakuna anayesema hali ni ngumu. Harusi pia, tena kwa harusi tunachangishana kadi, ukumbi na mapambo ambayo kesho yake hayana mwenyewe. Lakini mtu akisema twende tukawajulie hali wazee Pangani, au Kilwa, au Bagamoyo tu hapa jirani, huambiwa ana fedha za kuchezea.

Wengine husema kuwa kumchukua mke matembezini ni mambo ya Wazungu. Hawa tunawanasihi warudi katika sira. Bukhari amepokea kutoka kwa bibi Aisha (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipotaka kusafiri alipiga kura baina ya wakeze, na aliyetokewa na kura alifuatana naye. Safari zenyewe nyingi zilikuwa za jihadi, si za starehe, na bado hakuwaacha. Katika mojawapo mkufu wa bibi Aisha ulipotea, na Mtume akalisimamisha jeshi zima likalala mahali pasipo na maji ili utafutwe. Watu walinung'unika, Abubakar akamlaumu binti yake, na asubuhi ikateremka ruhusa ya kutayamamu ambayo umma mzima unaitumia hadi leo. Na Abu Daud amepokea kuwa wakiwa safarini Mtume alishindana mbio na mkewe huyo, mara ya kwanza bibi Aisha akashinda, na baadaye, alipokuwa amenenepa, Mtume akashinda na kumtania kuwa wamelipana. Nani miongoni mwetu, masheikh na maimamu, anayeisimulia hadithi hiyo mimbarini kwa wingi ule tunaosimulia haki za mume? Tunajiuliza sisi kwanza.

Mchana tulivuka mto kwa kivuko, tukafika Ushongo jua likielekea magharibi. Ufukwe ule ni mrefu, mchanga wake mweupe, na minazi imeinama kana kwamba inasikiliza. Tulitawadha kwa maji ya bahari. Mtume (S.A.W.) aliulizwa na mabaharia juu ya maji hayo, akajibu kwa maana kwamba ni tohara, na kwamba kilichokufa ndani yake ni halali kuliwa, hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Tirmidhi na wengineo. Mwenzetu alikunja suruali akaingia hadi magotini, akasimama huko muda mrefu akitutazamisha mgongo. Tulimwacha.

Siku ya pili mvuvi mmoja alitupeleka kisiwani Maziwe. Ilikuwa katikati ya mwezi wa Safar 1445, na wasomaji wa pwani watakuwa wameshaelewa maana yake: bamvua. Ni jambo linalotufurahisha kwamba kalenda yetu ya Kiislamu ndiyo kalenda ya maji. Mwezi ukiandama, na ukifika kumi na tano, maji hujaa sana na kupwa sana; ukifika siku ya saba na ya ishirini na mbili huwa maji mafu. Anayefunga Ayyamul Bidh anajua pia siku ambazo bahari itajitenga na ufukwe, akiwa ni mwenye kuzingatia. Tulifika maji yakiwa yamekupwa, tukakanyaga kile ambacho leo kinaitwa kisiwa. Ni fungu la mchanga. Wazee wa Pangani wanakumbuka mivinje ikiota hapo, na kasa wakipanda kutaga kwa wingi kuliko mahali pengine pengi katika nchi yetu, hata serikali ikapafanya hifadhi katika miaka ya 1970. Kisha bahari ikala kingo, miti ikaanguka, na sasa maji yakijaa kisiwa chote huzama. Kasa wanaendelea kuja kwa mazoea ya asili yao, na mayai yangeoza kwa maji ya chumvi lau watu wa Ushongo wasingeyafukua kwa uangalifu na kuyafukia upya katika ufukwe wao. Kazi hiyo wanaifanya usiku kwa mikono. Hatukumwona kasa, lakini mvuvi alituonesha mahali pa miti, akinyosha kidole kwenye maji matupu. "Hapo palikuwa na kivuli," alisema. "Baba yangu alikuwa akilala hapo adhuhuri."

Safari ya mtu mmoja au wawili ina dosari yake, nayo tuliiona tuliporudi nyumbani Jumapili usiku, tukiwa tumechoka na wenye furaha, na mfuko wa machungwa ya Muheza mkononi. Tulimsimulia mama wa watoto wetu habari za Tongoni, kivuko, mchanga na kisiwa kilichozama. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole, "Na sisi mtatupeleka lini?" Yeye ni mzaliwa wa Dar es Salaam, bahari ipo dakika ishirini kutoka mlangoni petu, na tulipofikiri tukakuta kuwa mara ya mwisho tulipokaa naye mbele ya bahari mtoto wetu wa kwanza alikuwa hajaanza shule. Mtoto huyo sasa ana mtoto wake. Salman al-Farisi alimwambia Abu Dardai kuwa mkeo ana haki juu yako, na Mtume (S.A.W.) akamsadikisha Salman. Hadithi hiyo tumeisomesha kwa miaka.

Tunajua pingamizi. Husemwa kuwa fukwe zimejaa pombe na watu walio uchi. Baadhi yake ni kweli, na baba hana ruhusa ya kuwapeleka wanawe penye maovu kisha akasingizia mapumziko. Lakini pwani ya Tanzania inaanzia mpaka wa Kenya hadi mto Ruvuma. Hoteli hazikuinunua yote, na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Sehemu tulivu zipo. Zipo asubuhi baada ya Alfajiri, zipo siku zisizo za sikukuu, zipo mbali na muziki. Tukiziacha kwa sababu wengine wanazitumia vibaya, watabaki hao hao peke yao, na mabinti zetu watakua wakidhani kuwa bahari iliumbwa kwa ajili ya wasiojisitiri. Ama gharama, mkeka na hotipoti la wali haviuzwi hotelini.

Jambo jingine ni kuogelea. Wamo vijana wetu waliozaliwa na kukulia Kariakoo na Temeke wasioweza kujinusuru katika maji ya kifuani, na kila msimu wa sikukuu tunaitwa kuwaswalia baadhi yao. Wafundisheni mapema, wavulana kwa wasichana, kwa sitara na kwa mwalimu anayefaa. Na mkifika pwani ulizeni wenyeji. Mdomo wa mto kama ule wa Pangani una mkondo usioonekana kwa macho, na maji ya bamvua yakianza kujaa hayamsubiri mtu anayepiga picha.

Jibu letu kwa mama wa watoto lilichukua miezi tisa, na hatujivunii. Juni mwaka 2024, juma moja baada ya Idd el-Hajj, shule zikiwa zimefungwa, familia tatu tulichangishana tukakodi Coaster. Mwenzetu alikuja na watoto wake wote, wakiwemo mabinti wawili ambao kwao Pangani ilikuwa ni mahali pa sanda na turubai. Kusi lilikuwa kali, bahari ikachafuka, na Maziwe hatukwenda. Watoto walitapika njiani kabla ya Segera. Mjukuu wetu alipoteza kiatu kimoja kwenye kivuko.

Tulipofika mjini, kabla ya kuvuka, tulipita nyumbani kwa mama mkwe wa mwenzetu. Hatukumpigia simu kabla, kwa kuwa mabinti walitaka kumshtua bibi yao kwa furaha. Coaster iliposimama mbele ya nyumba, bibi alitoka mlangoni mbio, khanga ameifunga kiunoni, mikono kichwani, na majirani wawili nyuma yake. Hakutusalimu. Aliuliza, "Nani? Mmetuletea nani?"

Mwenzetu alishuka akamwambia kuwa hakuna, mama, tumekuja kukutazama tu. Bibi hakusadiki. Alisimama kwenye mlango wa gari akawahesabu wajukuu mmoja mmoja wakishuka, akiwagusa vichwani, na alipomaliza aliwahesabu tena. Kisha akaketi kizingitini, akafungua khanga akajifuta uso, akatulaumu kwamba tumemkuta hana hata kitoweo.